Senti 75, na logi ambazo hatuzisomi

Leo sina siasa. Nataka kuongea juu ya kitabu cha zamani kidogo, The Cuckoo's Egg cha Clifford Stoll, kilichotoka 1989, na juu ya fundisho moja ambalo vijana wetu wa infomatiki wanarudi nalo kila wakitoka kwenye formasyo ya Bukavu, Goma ao Kindu: ati logi zote za usalama zipelekwe kwenye wingu, halafu wewe ulale. Kitabu nakipenda. Fundisho nalikubali nusu. Ile nusu nyingine njo nataka tubishane hapa.

Kwa wale ambao hawakusoma infomatiki: logi ni maandishi ambayo kompyuta inajiandikia yenyewe. Nani ameingia, saa ngapi, kutoka wapi, amefungua faili gani, amekosea neno la siri mara ngapi. Ni daftari ya mlinzi wa mlango. Mtu wa kabine ya M-Pesa ao Airtel Money pale sokoni anaijua hii bila kufundishwa: anaandika tarehe, namba, franga ngapi, anakusainisha. Siku ya mabishano, daftari njo inaongea.

Stoll hakuwa mtu wa usalama. Alikuwa mtaalamu wa nyota. Franga za utafiti wake zilipokauka, maabara ya Lawrence Berkeley kule California ikamhamishia upande wa kompyuta. Mwezi wa Agosti 1986 akaambiwa: hesabu ya mwezi haikubali, kuna senti 75 za matumizi ya mashine ambazo hazina mwenyewe. Senti 75! Wengi wetu tungezitoa mfukoni tu ili shefu anyamaze. Yeye akazifuata, na zikamchukua karibu mwaka mzima.

Hapa kuna jambo ambalo wengi wanaohadithia kitabu hiki wanaliruka. Zile senti zilionekana kwa sababu maabara ilikuwa na programu mbili za kuhesabu: moja ilikuja na mashine, nyingine iliandikwa na watu wa hapo hapo. Mwizi alionekana kwa moja, kwa nyingine hapana. Daftari mbili zilipokosa kupatana, njo alama ikatokea. Kungekuwa na daftari moja tu, hata kama ingekuwa nzuri namna gani, Stoll angeendelea na kazi yake na mwizi na ya kwake.

Sehemu tamu ya kitabu ni ile ya printa. Mwisho wa juma Stoll anazunguka biro za wenzake walioenda kwao, anabeba printa na teminali zao, kama 50 hivi, anaziunganisha kwa laini za simu zinazoingia kwenye mashine, na kulala anajilalia hapo hapo chini. Mwizi akiingia, kila herufi anayobonyeza inachapwa kwenye karatasi. Alikuwa mjanja: alijipa madaraka ya mkubwa wa mashine na alijua kufuta nyayo zake. Lakini karatasi ilikuwa fasi ambayo mkono wake haufiki. Karatasi ile ikamfikisha Stoll mpaka Hannover, Ujerumani ya Magharibi, kwa kijana Markus Hess, ambaye yeye na wenzake walikuwa wanauza walichoiba kwa KGB ya Warusi.

Karatasi ya Stoll njo baba wa wingu la leo. Mwizi akishapata ufunguo wa mkubwa wa mashine, kitu cha kwanza anachokwenda kuharibu ni logi, maana zinamtaja. Kwa hiyo nakala iende kwingine, kwa mashine ambayo ufunguo huo haufungui. Zamani hiyo "kwingine" ilikuwa printa, halafu ikawa seva ya pili kwenye biro jirani. Leo ni majumba ya data ya Google, Microsoft ao Amazon. Alphabet, mama wa Google, ilitangaza kampuni ya Chronicle Januari 2018 kwa kazi hiyo hiyo: kuweka logi za makampuni, nyingi sana, na kuzitafutia ndani kwa haraka kama unavyotafuta neno kwenye Google. Mwaka uliofuata Microsoft ikaleta Sentinel. Tuseme kweli, ni kazi nzuri. Mtu anayechunguza wizi hajui tangu mwanzo mwizi aliingia lini. Mara nyingi ni miezi ya nyuma. Seva ndogo ya biro ikijaa inafuta logi za zamani ili ziingie mpya, na siku unapozihitaji hazipo tena. Wingu halijai upesi hivyo. Nusu yangu ya kukubali inaishia hapo.

Sasa tuchukue maandishi ya pili, ripoti ya Cyber Safety Review Board ya Marekani iliyotolewa Aprili 2024. Mimi naisoma kama vile ni sura ambayo Stoll hakuiandika. Ni kavu, haina utani, hakuna anayelala chini ya meza. Lakini hadithi yake ni ile ile. Mwezi wa Juni 2023, watu wa usalama wa wizara ya mambo ya nje ya Marekani wanaona kitu kwenye logi za barua pepe zao: mtu anafungua barua kwa njia isiyo ya kawaida. Wanaiambia Microsoft. Kumbe ni kundi ambalo Microsoft inaliita Storm-0558, na inalihusisha na China. Lilipata ufunguo wa Microsoft wa tangu 2016, likajitengenezea nao vitambulisho vya uongo. Mashirika 22 yaliguswa na watu zaidi ya 500. Kwa wizara ile peke yake zilitoka barua karibu 60,000. Sanduku la waziri wa biashara, Gina Raimondo, lilifunguliwa pia.

Kwa nini wizara iliona na wengine hawakuona? Soma vizuri hapa. Wizara ilikuwa inalipia leseni ya juu, ile ya bei kali, ambayo njo inaonyesha logi ya nani amefungua barua gani. Mwenye leseni ya chini, mwizi huyo huyo alipita kwake, barua zake zikasomwa vile vile, lakini ile logi kwake haikuwepo. Yani mlinzi wa nyumba yako anaandika daftari kama umelipa zaidi. Usipolipa, anaangalia tu mwizi akipita, haandiki. Microsoft ilisutwa kwa hilo, na Julai 2023 ikatangaza kwamba itafungua logi hizo kwa wateja wengi zaidi bila kuongeza bei, na kuziweka siku 180 badala ya 90. Vizuri. Lakini ilibidi wakubwa wa Marekani waibiwe kwanza.

Kuna kibaya zaidi. Ule ufunguo wa 2016 uliibwa namna gani? Microsoft yenyewe haijui. Septemba 2023 ilitoa maelezo ya namna ambavyo pengine ulivuja, na hapo hapo ikaandika kwamba logi za kuthibitisha haina, kwa sababu ya utaratibu wake wa muda wa kuhifadhi. Mwenye wingu hana logi za wingu! Mwaka mmoja baadaye, kuanzia 2 mpaka 19 Septemba 2024, kosa katika programu zake za ndani likafanya logi za usalama za baadhi ya wateja zisifike. Waliolipa walilipa, na kwa siku zile wana tundu. Wajumbe wa baraza lililoandika ile ripoti waliondolewa kazini Januari 2025. Sijui mwenzangu unaonaje, lakini mimi nikisikia mtu wa formasyo anasema "wingu halipotezi kitu", namuuliza kama amesoma hizi habari ao amesoma tangazo la kampuni.

Haya, turudi kwetu. Kuna wanaosema mazungumzo haya siyo ya Kabambare, ati rezo yetu haiwezi kubeba logi. Na wao wanakosea. Piga hesabu: biro yenye seva ndogo moja na mashine kumi, tuseme zote pamoja zinaandika mega 100 kwa siku. Kwa mwezi ni giga 3. Maandishi ya logi yanarudia maneno yale yale, kwa hiyo ukiyabana na programu ya kawaida yanashuka mara nyingi mpaka kama sehemu moja ya kumi. Mega 300 kwa mwezi! Kijana mmoja anazimaliza kwa video za mpira wikendi moja. Unaweza kuzituma usiku wa manane, rezo ikiwa imepoa. Shida yetu haiko kwa mega.

Ya kwanza iko kwa saa. Umeme wa jua ukikatika ao jenereta ikizimwa, ruta nyingi ndogo zinasahau saa. Zikiwaka tena zinaanza na 1 Januari 1970, mpaka zipate intaneti ziulize saa ni ngapi. Rezo ikichelewa kurudi, unapata masaa ya logi zinazosema mambo yalitokea kabla baba yako hajaoa. Ongeza kwamba Kabambare tuko saa moja mbele ya Kinshasa. Mtu wa Kinshasa anakuandikia "aliingia 22:40", weye unatafuta 22:40 ya kwako, hupati kitu, unasema mashine ni safi. Na mlinzi wa usiku ukimuuliza atakuambia saa tano na dakika arobaini. Saa tatu tofauti kwa tukio moja, na zote zimeandikwa kwa uaminifu! Ukizituma hivyo kwenye wingu, wingu litazihifadhi hivyo hivyo, vizuri sana, miezi kumi na miwili.

Ya pili iko kwa majina. Nimeona biro (siitaji, ziko nyingi) ambamo akaunti ni moja na neno la siri limebandikwa ukutani, juu ya kalenda. Wale wanaojaza data za afya kwenye DHIS2 wananielewa. Chifu wa biro, stajieri, mtoto wa dada yake aliyekuja likizo, wote wanaingia kwa jina moja. Namba za chanjo zikibadilishwa usiku, logi itasema ni "biro" ilizibadilisha. Biro haina mikono! Hapo hata Stoll na printa zake 50 hafiki popote. Kumpa kila mtu akaunti yake hakugharimu franga moja, na kunasaidia uchunguzi kuliko leseni yoyote ya bei kali, lakini kwenye formasyo hakupewi hata dakika tano, maana hakuna anayeuza.

Na ya tatu tunaikumbuka wote. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima, ikarudi karibu 20 Januari. Siku 20. Mwenye logi zake wingini tu, kwa siku hizo zote hakuwa na namna ya kutuma wala ya kuangalia. Na siku kama hizo njo mtu anaweza kuhitaji kujua nani aligusa nini.

Nimesema habari za kuweka maandishi mbali kana kwamba ni kitu kipya. Kwetu siyo kipya hata kidogo. David Livingstone alikwama hapa, kwenye kijiji alichokiandika Bambarre, tangu Julai 1870 mpaka Februari 1871, miguu yake ikiwa na vidonda. Karatasi zilimwishia. Akawa anaandika juu ya kurasa za magazeti ya zamani, na wino wa mbegu za mimea ya hapa. Shajara yake ya 1871, aliyoiandika alipofika Nyangwe, iko juu ya gazeti la The Standard la Novemba 1869, mwandiko wake ukikatiza ule uliochapwa. Wino ukafifia. Kwa zaidi ya miaka 100 hakuna aliyeweza kuisoma yote. Watafiti wakaongozwa na Adrian Wisnicki kuipiga picha kwa mianga ya namna nyingi, pamoja na ile ambayo jicho halioni, wino ukajitenga na gazeti, na Novemba 2011 maandishi yakawekwa intaneti ambapo yeyote anaweza kuyasoma.

Naleta hii kwa sababu njo mfano bora wa logi mbichi na ripoti iliyopikwa ninaoujua, na ni wa nyumbani. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara waliokuwa Nyangwe walifyatua bunduki sokoni. Waliokufa, kwa risasi na kwa maji ya Lualaba, walikuwa mamia, wengi wao wanawake waliokuja kuuza. Dunia ilisoma habari hiyo kutoka kwa kitabu cha 1874, ambacho rafiki yake Horace Waller alikitengeneza baada ya Livingstone kufa. Lakini kabla ya kitabu kulikuwa na jono ambamo Livingstone mwenyewe alinakili upya habari zake, na kabla ya jono kulikuwa na ile shajara ya magazeti. Watafiti walipolinganisha, wakakuta havifanani. Shajara mbichi ina maneno yanayoacha shaka juu ya watu wa msafara wake mwenyewe. Katika kile kilichochapwa, shaka hiyo imesafishwa. Ona: daftari mbili zisizopatana, kama za Stoll. Kama mtu angesema 1874, "kitabu kimeshatoka, choma yale magazeti machafu", tungebaki na hadithi ya mkubwa peke yake.

Hata saa yake ilikuwa imepotea! Shajara ya Livingstone inaweka kukutana kwake na Stanley pale Ujiji mwisho wa Oktoba 1871. Stanley anaandika 10 Novemba. Tukio moja, tarehe mbili, kila mtu na yake. Ruta yetu ya 1970 ina wenzake.

Lakini nisiwe mshabiki kupita kiasi. Karatasi zenyewe ziko Scotland. Zimehifadhiwa vizuri kuliko ambavyo zingehifadhiwa hapa, na vita vyote tulivyopita. Ukweli huo siwezi kuukataa. Na bado, mtoto wa Nyangwe anayetaka kujua nini kilitokea sokoni kwa babu zake anahitaji mega, na anahitaji Kiingereza. Waliokufa hawana majina mle ndani. Anayeandika logi njo anachagua nini kinastahili kuandikwa, iwe ni Mskoti mwenye vidonda ao programu iliyotengenezwa Redmond. Kwa hiyo swali la wingu, kwangu mimi, siyo "iko salama?" Mara nyingi iko salama. Swali ni kama aliyeumia anaweza kuifungua, kwa lugha anayoisoma, kabla haijafutwa, bila kuomba msamaha kwa mtu.

Naeleza kwa jambo dogo. Mama mdogo wangu aliamka asubuhi moja akakuta franga 180,000 zimetoka kwenye simu yake usiku, kwa namba asiyoijua. Hakumpa mtu neno la siri, hivyo njo anavyosema na mimi namwamini. Akapanda pikipiki mpaka Kasongo, kwa wakala wa kampuni moja ya simu, jina naliacha. Kijana wa pale akafungua mashine, akaangalia, akasema: "Ndiyo mama, naona." Aliona! Saa, namba, fasi iliyopokea. Lakini karatasi hawezi kumpa, ni siri ya mteja. "Mteja ni mimi," mama mdogo akasema. Akatumwa polisi akalete barua. Polisi wakataka franga za barua. Barua ilipopatikana na yeye akapanda pikipiki mara ya pili, akaambiwa muamala ule umeshakuwa wa zamani, hauonekani tena pale Kasongo, waandike makao makuu. Logi ipo. Iko salama kabisa, kwenye seva nzuri kuliko zote ambazo mimi nitawahi kugusa. Aliyeibiwa njo mtu pekee ambaye haruhusiwi kuisoma.

Nchi yetu ina sheria sasa, Kodi ya Nimerike, ordonansi-sheria namba 23/010 ya 13 Machi 2023, inayoongea juu ya data za watu na uhalifu wa mtandao. Wenzetu waliosoma sheria wangeichambua hapa kwa mfano huo wa mama mdogo, siyo kwa mifano ya makampuni makubwa ya Kinshasa. Mimi mtu wa mashine, naishia mlangoni.

Mfano mmoja wa karibu, halafu namalizia na kitabu. Januari 2018 gazeti la Le Monde liliandika kwamba kwenye jengo la Umoja wa Afrika pale Addis Ababa, lile ambalo China ilijenga na kutoa zawadi 2012, data zilikuwa zinatoka kila usiku, kati ya saa sita na saa nane, kwenda kwa seva za Shanghai. China ilikana, na wakubwa wa Umoja pia walikana. Lakini angalia hadithi hiyo, kama gazeti linavyoisema, iligunduliwaje Januari 2017: fundi mmoja alishangaa kwamba rezo inajaa sana saa ambazo biro ni tupu. Basi. Namba ya matumizi ya usiku, na mtu aliyejiuliza nani anafanya kazi saa saba ya usiku. Jengo kubwa namna hiyo halikukosa vifaa. Miaka mitano ilipita kabla ya mtu kuangalia namba na kushangaa.

Hapo njo narudi kwa Stoll na kumlaumu kidogo. Kitabu kina mapishi mengi na nyumba ya wapenzi wake kupita kiasi, kuna sura za katikati ambazo ningekata nusu, na anajiweka kuwa peke yake mwenye akili huku polisi wa FBI ni wajinga wasiotaka kusumbuliwa kwa senti 75. (Kwa hilo la polisi, mama mdogo angemuunga mkono.) Anasahau pia kwamba aliweza kukaa mwaka mzima juu ya senti 75 kwa sababu kuna mtu alimlipa mshahara mwaka huo wote, na wakubwa wake, hata walipochoka naye, hawakumfukuza. Ukimpa kijana wa hapa kitabu hiki bila kumwambia hivyo, atadhani ni ushujaa tu unaohitajika. Biro nyingi zinanunua mashine na zinakataa kulipa masaa ya mtu wa kukaa nayo.

Lakini kuna kitu kimoja kwenye kitabu ambacho ripoti ya Marekani haina na watu wa formasyo hawana. Pembeni ya printa zote zile, Stoll alikuwa na daftari ya mkono. Anaandika saa, nani alipiga simu, mwizi alifanya nini, yeye mwenyewe alidhani nini. Ni tabia ya watu wa nyota: kisichoandikwa hakikutokea. Printa zilimpa maneno ya mwizi, daftari ikampa maana. Wingu linaweza kuchukua nafasi ya printa. Ile daftari nyingine, bado sijaona kampuni inayoiuza.

Kwenye kazi ninayofanya sasa nimeweka hivi: kompyuta moja ya zamani, kioo chake kimevunjika, haifanyi kitu isipokuwa kupokea logi za wengine, na neno lake la siri hakuna mashine nyingine inayolijua. Saa zote zimewekwa za Greenwich, ili Kinshasa na Kabambare wasigombane. Kila usiku nakala iliyobanwa inakwenda wingini, kwa akaunti ya bei ndogo. Na kila Jumamosi asubuhi, saa mbili mpaka saa tatu, mimi na stajieri tunakaa tunazisoma, na daftari ya kurasa 96 mbele yetu. Juma lililopita tulikuta mtu anajaribu neno la siri mara 41 saa tisa ya usiku, kutoka ndani ya biro yenyewe. Ilikuwa printa ya sekretari, neno lake la siri lilibadilishwa na hakuna aliyeiambia.